Kalibu ya Mama Mikate

Kila siku akitoka shuleni, kabla hata hajavua sare, Bi Usafi alishika ufagio akaingia karakana ya baba yake. Bi Usafi si jina alilopewa alipozaliwa, ni jina alilojitafutia mwenyewe. Mtoto huyu wa darasa la sita akiona kipande cha uzi sakafuni, chakula hakimshuki. Wageni wakija, viatu walivyoacha mlangoni alivipanga kwa ukubwa na rangi, na mgeni akitaka kuondoka ilimbidi atafute chake kama mtu aliyepoteza mbuzi. Baba yake alianza kumtania kwa jina hilo, mtaa ukalidaka, na mwenyewe, jamani, alilipenda.

Baba alikuwa fundi viatu. Hakuwa wa kutia viraka tu. Alitengeneza viatu vipya, kuanzia ngozi ya juu mpaka soli, katika chumba cha mbele cha nyumba yao kilichotazama barabara. Mama alikaa dirishani akishona ngozi kwa cherehani. Baba alikaa kwenye kigoda, kiatu katikati ya magoti, misumari midogo mdomoni, na ukimsalimia wakati huo alikuitikia kwa pua.

Kwenye ukuta wa nyuma zilining'inia kalibu. Kalibu ni mguu wa mbao, na ngozi ya kiatu huvutwa juu yake ili ipate umbo. Fundi huyu alimchongea kila mteja wake wa kudumu jozi yake mwenyewe. Mteja alipimwa mguu mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo, akitaka viatu vingine alipita mlangoni akataja rangi, basi, mengine yote kalibu iliyajua. Fundi alijivunia sana utaratibu huo, na wateja waliupenda kwa sababu haukuwapotezea muda.

Siku moja mama alikwenda kununua nyuzi, na baba alikwenda kumpelekea mteja buti zake. Bi Usafi alibaki peke yake. Alikuwa ameagizwa jambo la kawaida, azifute kalibu vumbi kwa kitambaa kikavu. Na kama kawaida, baba aliongeza kwamba kisu asikiguse. Yeye aliamini baba anaogopa asijikate.

Alifuta hii na ile mpaka akafika kwenye jozi ya Mama Mikate. Lo, ile ya kulia ilikuwa chafu! Ubavuni, karibu na kidole kidogo, palikuwa na kibonge cha ngozi kuukuu kilichoganda kwa gundi, kingo zimepasuka, kimekusanya vumbi na weusi wa miaka. Alisugua kwa kitambaa, wapi. Akajaribu kucha, kucha ikakatika. Moyo wake haukumruhusu kuirudisha ukutani ikiwa vile. Alitazama mlangoni, akachukua kisu.

Kibonge kilitoka vipande vipande. Alipomaliza alipiga msasa, akapaka nta, akasugua kalibu mpaka ikang'aa kote, na mwenzake vile vile. Ilipendeza kweli. Aliitundika mahali pake, akarudi nyuma kuitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe. Kisha akainama kufagia.

Hapo ndipo alipoviona vizuri vile vipande. Gundi iliyomwagika haina umbo, lakini hivi vilikuwa vimekatwa. Vilikuwa vyembamba kama ukucha, vya mviringo, vya kupungua ukubwa, kama vilivyokuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, na nyuma ya kile cha chini palikuwa na mshale mdogo wa penseli, mkono wa baba kabisa. Bi Usafi alikumbuka mguu wa Mama Mikate. Ulikanyagwa na gurudumu la mkokoteni alipokuwa msichana, na tangu hapo mfupa ulitokeza ubavuni, karibu na kidole kidogo. Ule haukuwa uchafu. Ulikuwa mguu wa Mama Mikate, na yeye alikuwa ameukwangua.

Alisikia hatua za baba nje. Akavichota vipande, akavitia mfukoni.

Fundi aliingia na haraka zake. Alisema amekutana na Mama Mikate njiani, viatu vyake vimekwisha kabisa, soli zimekuwa kama karatasi, na anataka vingine upesi. Alinyoosha mkono akaichukua jozi ile ile. Akaigeuza kwenye mwanga, akacheka kwa furaha. "Umezing'arisha hizi! Hii ndiyo karakana ya watu."

Bi Usafi alifungua mdomo. Kama baba angeuliza tu, angesema. Lakini alisifiwa, na sifa ile ilimziba mdomo kuliko ambavyo kofi lingeweza. Baba alikuwa tayari amelowesha ngozi, anaivuta juu ya kalibu na kuigongelea misumari, akiimba wimbo wake usio na maneno. Nta ilikuwa imefunika kila kitu, na ubavu mmoja wa mbao ulifanana na mwingine.

Yafaa mjue Mama Mikate alikuwa nani. Kila alfajiri alichukua mikate ya moto bekari, akaipanga kwenye kapu, akajitwika, akatembea mlango kwa mlango. Hakuwa na meza sokoni wala kibanda. Alikuwa na miguu yake na wateja wake, na nyumba yake yote, yeye na wajukuu aliokuwa akiwalea, ilisimama juu ya vitu hivyo viwili. Mtaa ulimjua kwa mlio wa hatua zake, moja nzito, moja nyepesi. Watu waliposikia waliinjika chai.

Viatu vilipokuwa tayari alikuja kuvijaribu. Aliingiza mguu wa kulia, akakunja uso. Akasema kinabana, hapa pembeni. Fundi alicheka, akamwambia ngozi mpya ndivyo ilivyo, avae tu, baada ya siku chache vitalegea vyenyewe. Kalibu ni ile ile, dada yangu, mguu ni ule ule, wasiwasi wa nini? Mama Mikate alimwamini, kwa sababu fundi huyu hakuwahi kumkosea. Akatoka akichechemea kidogo. Bi Usafi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la uani, mkono mfukoni, amevishika vile vipande mpaka vikamchoma.

Kesho yake shuleni alimweleza rafiki yake Redio. Ukimjua Redio utashangaa kwa nini alimchagua huyo, maana msichana yule hakuwahi kuweka siri ikalala. Redio alisikiliza yote, akaapa kwamba safari hii atafunga mdomo, akatoa ushauri wake. "Kaa kimya. Kalibu haina mdomo. Na baba yako amesema vitalegea, si amesema?"

Maneno hayo yalimtuliza mpaka alfajiri iliyofuata. Alikuwa kitandani aliposikia hatua za Mama Mikate zinapita nje. Zilikuwa zimebadilika. Ile nzito ilikuwa inakokotwa. Siku iliyofuata zilichelewa. Na asubuhi moja hazikupita kabisa, na badala yake ililia kengele ya baiskeli. Kijana mmoja mgeni, mwenye sanduku la mikate nyuma ya kiti, alikuwa ameanza kupita mtaani mwao.

Mchana wa siku hiyo Mama Mikate alikuja karakana. Alivaa ndala, mguu wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Vile viatu alivishika mkononi. Hakupiga kelele. Alisema mfupa ulisuguliwa ukatoka lengelenge, lengelenge likapasuka, na yeye akaendelea kutembea kwa sababu aliambiwa vitalegea. Sasa kidonda kimeingia usaha. Muuguzi wa zahanati amemkataza kutembea na kuvaa kiatu cha kufunika mpaka pafunge, na amemwambia bila kumficha kwamba akidharau, anaweza kupoteza kidole.

"Wateja hawawezi kunisubiri, fundi," alisema. "Watu wanakula kila siku."

Aliviweka viatu juu ya meza ya kazi, akaondoka taratibu akiegemea ukuta.

Fundi alisogea mezani. Alikichukua kiatu, akaingiza vidole ndani, akapapasa. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama aliacha kushona. Fundi alisema kwa sauti ndogo kwamba labda macho yake yameanza kumkimbia, na kama yamefika mahali pa kumjeruhi mteja, basi ni heri azishushe kalibu ukutani, watu watafute fundi mwingine.

Bi Usafi alikuwa mlangoni na ufagio. Alimwona baba yake, mtu aliyekata ngozi bila kutetemeka, anaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Akapiga moyo konde, akaingia, akavimwaga vile vipande juu ya meza, kando ya kiatu.

"Macho yako ni mazima, baba," alisema. "Ni mimi."

Alieleza kila kitu, kisu, msasa, nta, mfuko. Hakulia mpaka alipofika mahali pa kusema kwamba alikuwa nyuma ya pazia siku viatu vilipojaribiwa, na alijua. Hapo machozi yakamshinda.

Baba hakumpiga. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulimuuma zaidi. Akamwambia kwamba tangu siku hiyo mpaka shule zifungwe hataingia karakana, na michezo ya jioni amesahau. Bi Usafi aliipokea adhabu karibu kwa furaha. Alihisi ametua mzigo. Aliona kosa limepata malipo yake na mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Walikwenda wote watatu kwa Mama Mikate. Walimkuta uani kwake, amekaa kwenye kiti kifupi, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kapu tupu limeegemezwa mlangoni. Bi Usafi aliamkia, akaeleza tena yote kwa mdomo wake, akaomba msamaha. Fundi akaongeza kwamba mtoto amekwisha kuadhibiwa, akaitaja adhabu yenyewe.

Mama Mikate alisikiliza hadi mwisho. Akatikisa kichwa.

"Fundi, umemwadhibu mwanao. Hayo ni yako na yeye. Mguu wangu umepata nini?"

Fundi alikohoa.

Bi Usafi alisema, huku akimeza machozi, kwamba ameomba msamaha kwa moyo wote. Mama Mikate akamjibu kwa upole kwamba amemsamehe, amemsamehe tangu alipofungua mdomo, kwa sababu si rahisi mtoto kusema maneno kama yale mbele ya watu wazima. "Lakini kesho alfajiri, mwanangu, msamaha hautabeba kapu."

"Sikukusudia, mama," alisema Bi Usafi.

"Najua. Ungekusudia, leo tungezungumza mengine. Ila nisikilize." Mama Mikate aliuinamia mguu wake, akaurekebisha juu ya ndoo, uso ukajikunja kwa maumivu. "Hasara imeshatokea. Haiwezi kurudi ilikotoka, na haiwezi kuning'inia hewani. Lazima ikae kwa mtu. Sasa niambie, ikae kwa nani? Kwangu mimi, niliyesema kiatu kinabana nikaambiwa kitalegea?"

Fundi aliinamisha kichwa. Akasema hilo ni lake. Ni yeye aliyeiamini mbao kuliko mtu aliyekuwa anaongea mbele yake, na kama angepima mguu siku ile yasingefika hapa. Viatu vipya na kalibu mpya ni juu yake. Mama Mikate alikubali, akasema hicho ndicho alichotaka kusikia.

Lakini bado kulikuwa na njia. Nani angepita mlango kwa mlango? Mama yake Bi Usafi alisema atabeba yeye. Mtoto ana shule, alisema, na watoto wenzake watamcheka njiani. Mama Mikate alimshukuru, ila akakataa. "Wewe hukunikosea kitu. Nikichukua jasho lako, nitakuwa nimehamisha hasara kutoka kwangu na kuitua kwa mwingine asiye na kosa. Hapo tutakuwa tumetengeneza nini?"

Bi Usafi alivuta pumzi. Akasema atabeba yeye. Kisha, kwa vile moyo wake ulikuwa umechafuka na yeye hakuwahi kuvumilia uchafu, akaongeza kwamba atabeba mwaka mzima, na rangi zake za kuchorea atazileta wapewe wajukuu.

Mama Mikate alicheka kwa mara ya kwanza. "Mwaka mzima wa nini? Nimekuambia nimepoteza mwaka? Na rangi zako nani alizitaka? Utabeba mpaka siku nitakayovaa kiatu. Na wateja walioondoka kwa sababu ya mguu huu, nataka warudi. Kuna mama mmoja amehamia mji mwingine, huyo aliondoka kwa sababu zake, si wako. Lakini mzee wa geti la kijani ni wako. Alisubiri mkate wangu haukufika, sasa ananunua kwa kijana wa baiskeli. Nataka kile nilichokuwa nacho, mwanangu. Sitaki zaidi, na sitaki pungufu."

Alfajiri iliyofuata Bi Usafi alikuwa bekari wakati anga bado ya kijivu. Mikate ilitolewa tanurini, akaipanga kwenye kapu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujali kama imepangwa sawa. Ilikuwa mizito. Shingo ilimwingia mabegani. Nyuma yake, mbali kidogo, alitembea baba, mikono nyuma kama mtu aliyetoka kunyoosha miguu. Alikuja kuhakikisha mwanawe yuko salama, lakini kapu hakuligusa, hata pale Bi Usafi alipojikwaa na nusura alimwage.

Kwenye mlango wa kwanza mwenye nyumba aliuliza Mama Mikate yuko wapi. Bi Usafi alijibu kwamba anaumwa. Kwenye mlango wa pili akajibu hivyo hivyo. Yule wa pili akaguna, akasema wazee ndivyo walivyo, labda sasa apumzike tu, biashara hii inataka vijana. Maneno hayo yalimchoma Bi Usafi kama sindano. Alikuwa amesema neno la kweli, lakini kwa neno hilo amemwongezea Mama Mikate hasara nyingine. Aligeuka, akamwambia yule bwana kwamba Mama Mikate hajazeeka wala hajachoka. Ameumizwa mguu na kiatu, na aliyekiharibu kiatu ni yeye aliyesimama hapa, na akipona anarudi. Uso ulimwaka kwa aibu. Tangu mlango huo aliyasema maneno hayo kila alipoulizwa.

Geti la kijani lilikuwa mwisho wa njia. Alilikuta liko wazi nusu, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Kijana wa baiskeli alikuwa anapokea malipo yake kwa mzee mwenyewe, mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi. Kijana alimwona Bi Usafi na kapu lake, akatabasamu, akasema hapa pamekwisha kupata mtu. Miguu ya Bi Usafi ilitaka kukimbia. Nyuma yake baba alikuwa amesimama kona ya barabara, hasogei.

Alimwamkia mzee, akamweleza.

"Kwa nini unaniambia mimi haya?" mzee aliuliza.

"Kwa sababu ulidhani Mama Mikate amekuacha. Hakukuacha. Mimi ndiye niliyemzuia kuja."

Mzee alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu vya shule vilivyojaa vumbi. Akarudi ndani na mkate wa kijana wa baiskeli, geti likafungwa.

Kesho yake aligonga tena. Halikufunguliwa. Na siku iliyofuata, na nyingine. Njiani wanafunzi wenzake walimwona, na mmoja akamwita Bi Kapu, wengine wakashika. Redio alikaribia kupigana nao, kisha akaanza kutembea pamoja na rafiki yake vichochoro vya mwisho, akiongea bila kupumua, akisema yeye ndiye aliyetoa ule ushauri mbaya, kwa hiyo kicheko cha watu angalau wagawane. Lakini kapu, Bi Usafi hakumpa. Mikate iliyotengwa kwa ajili ya geti la kijani ilirudi kila siku, na kila siku Mama Mikate aliuliza swali moja tu, kama mzee amefungua. Akijibiwa hapana, alisema basi kesho.

Kidonda kilifunga. Muuguzi alitoa bendeji ya mwisho, na hapo fundi alikwenda mwenyewe na karatasi, penseli na futi ya kamba. Alipiga magoti chini akaupima mguu kana kwamba hajawahi kuuona. Alimuuliza wapi panauma, wapi hapaumi. Alichonga kalibu mpya, akabandika vipande vya ngozi, akampeleka aipapase, akakwangua, akabandika tena. Viatu vilipokwisha, Mama Mikate alivaa, akasimama, akatembea kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi. Wote walikuwa wanamtazama uso. Haukujikunja.

Bi Usafi alidhani sasa amemaliza. Mama Mikate akamkumbusha geti la kijani.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili. Mama Mikate alitembea mbele na viatu vyake vipya, hatua moja nzito, moja nyepesi, na Bi Usafi nyuma yake na kapu kichwani. Madirisha yalifunguka, watu walimpungia mkono Mama Mikate. Walipofika mwisho wa njia, Mama Mikate alisimama kando. "Gonga wewe," alisema.

Bi Usafi aligonga. Alijua kwamba kama geti hili halikufunguka, kuna kitu cha Mama Mikate kitakuwa kimepotea moja kwa moja, na aliyekipoteza ni yeye. Aligonga tena. Ndani zilisikika hatua, taratibu, zikasimama. Kisha komeo likavutwa.

Mzee alimwona mtoto, akamwona na mama aliyesimama nyuma. Aliitazama miguu yake, viatu vipya, kisha uso.

"Huyu mtoto amenigongea kila siku," alisema. "Kijana wa baiskeli nilimwambia jana asipite tena hapa. Nilimwambia nina mtu wangu wa mikate."

Alinyoosha mkono, na Mama Mikate akachukua mkate kutoka kapuni akampa mwenyewe. Waliulizana hali kwa kirefu kama watu waliopotezana kwa safari ndefu. Bi Usafi aliegemea ukuta, akijaribu kutolia mbele ya geti la watu.

Walipogeuka kurudi, Mama Mikate alisimama katikati ya njia. "Lete kapu langu," alisema.

Bi Usafi alisema anaweza kulifikisha tu hadi nyumbani, si mbali, na kesho pia anaweza. Mama Mikate akalitwaa, akajitwika.

"Hapana. Tumemalizana."

Akaenda zake bila kugeuka nyuma. Bi Usafi alibaki pale amesimama, shingo nyepesi, mikono haijui iwekwe wapi.

Jioni ile baba alimwita karakana, ingawa adhabu haikuwa imekwisha. Alimwambia asimame pale pale mlangoni, kwa kuwa neno lake bado ni neno lake. Juu ya meza palikuwa na kalibu mpya ya Mama Mikate, na kando yake vile vipande vya zamani vyenye mshale wa penseli.

"Nilikosea kufikiri kwamba nikikuadhibu nimemaliza," alisema. "Adhabu ni ya kukufundisha wewe. Msamaha ni zawadi yake yeye, anautoa akipenda. Lakini ukimharibia mtu kitu chake, hata kwa bahati mbaya, kinabaki hakipo. Kukirudisha ni kazi yako wewe uliyekiharibu, na unamrudishia yeye uliyemharibia, kwa kipimo cha alichopoteza. Mimi nilikuwa na fungu langu, nalo lilikuwa viatu. Fungu lako lilikuwa ile njia, na umeitembea."

Alimrushia kitambaa kikavu. Bi Usafi akakidaka.

"Shule zikifungwa utafuta hizi kalibu," baba alisema. "Ukikuta kitu usichokijua, utafanya nini?"

"Nitauliza."

"Na mimi mteja akisema kinabana?"

"Utampima," alisema Bi Usafi, na mama akacheka dirishani mpaka cherehani ikasimama.

Asubuhi iliyofuata Bi Usafi alichelewa kuamka, maana mwili ulikuwa umezoea kazi na sasa ulijilipa kwa usingizi. Alitoka mbio na begi mgongoni, na kwenye kona akakutana na Mama Mikate, kapu kichwani, anamalizia njia yake. Bi Usafi alisimama ghafla. Hakujua amtazame vipi. Aliamkia kwa sauti ndogo.

"Marahaba," Mama Mikate aliitikia, bila kupunguza mwendo, kama anavyomwitikia mtoto yeyote wa mtaa ule. "Chomekea shati, unatembea ovyo ovyo."

Bi Usafi alijitazama. Shati lilikuwa linaning'inia nje kweli. Akalichomekea pale pale barabarani, akicheka peke yake, akakimbia shuleni.